Taa Nyekundu ya Pijo

Siku ya kumzika Musili, Pijo yake, gari kuukuu, ilizimika njiani, waombolezaji wakaisukuma hadi nyumbani. Wanawe wakaamua iuzwe kama chuma chakavu. Bintiye Mbithe akakataa, akafunga alteneta mpya, mashine ya kuchaji betri, lakini betri haikupata chaji. Alipochungulia nyuma ya dashibodi, balbu ya taa nyekundu ya kuonya kuwa betri haichaji haikuwepo, na bila hiyo alteneta haiamki kuzalisha umeme.

“Mama, nani alitoa balbu?”

Mama akacheka hadi akashika kiuno. “Si ni mimi nilimwambia baba yako aitoe! Ilikuwa inanikodolea macho mpaka kanisani.”

Mbithe akaweka nyingine. Taa ikawaka, na injini iliponguruma, taa ikazimika.

“Inachaji!”

Mama akapiga vigelegele.

Siku hizi Mbithe na Mama huenda nayo kanisani, mjini Tala, na hakuna anayesukuma.