Mkato wa Nje ya Msimu

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika barazani, fundi wa bonsai, miti inayodumazwa vyunguni, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, aliulaza mkomamanga wake ubavu, akapitisha kisu chembamba kwenye ukingo wa chungu, akauchomoa mti mzima na udongo wake. Mizizi ilikuwa imezunguka chunguni mara tatu ikitafuta pa kutokea. Aliichambua kwa kijiti, akaichana kuelekea chini kama nywele za mtoto mkaidi, kisha akakata theluthi moja, si zaidi. Machipukizi yalikuwa yamevimba lakini hakuna jani lililofunguka, na huo ndio wakati wake. Wiki chache kabla ni mapema. Wiki chache baadaye ni kuua.

Alipokwisha kuurudisha mti chunguni alifuta mkasi kwa spiriti, akamgeukia mdogo wake wa kike. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, suruali ameikunja hadi magotini, miguu imo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Mizizi yake ilikuwa laini, myeupe, ikimtoka visiginoni na katikati ya vidole. Kwa miaka miwili ilikuwa imerefuka kiasi cha kujaza beseni.

Ilianza kumtoka akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka aliofariki mama yao. Daktari aliitazama, akaandika kwenye kadi, akasema huwatokea baadhi ya watoto wanaokua haraka, na kwamba njia ni mbili tu: mtoto ahamishiwe mahali penye nafasi, au mizizi ikatwe kila baada ya miaka miwili. Nafasi ilikuwepo. Shule ya bweni ilikwisha kumkubali na shangazi yao alikuwa tayari kumpeleka. Lakini kaka mtu alikuwa na miti arobaini inayotaka maji asubuhi na jioni, hajui hata kuchemsha maji bila kuunguza sufuria, na mkasi ulikuwa mkononi. Alikwisha kukata mara saba. Mdogo mtu sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na urefu wa mita moja na robo.

Watu walimsifu. "Umemtunza, Fundi," walisema wateja wakimzunguka yule dada na vikombe vyao mkononi. "Tazama mabega yalivyokaa. Wengine wakikatwa hivi hupinda." Mkasi alishukuru. Kila aliposhukuru masikio yalimwaka moto, naye alilisingizia jua.

Siku hiyo alikuja muuguzi wa zahanati ya mtaani, amebeba mtini wake mdogo ili ufunguliwe nyaya zilizofungwa kupinda matawi. Aliutua mezani, akaliangalia beseni.

"Na huyu naye anakatwa leo?"

"Leo, dada. Machipukizi hayasubiri mtu."

"Basi nimewahi." Akatoa fomu kwenye mkoba. "Huyu mdogo wako mwezi uliopita aliniletea dawa ya wadudu ya mtini wangu, akakuta foleni mpaka nje. Akaanza kufunga watu vidonda bila kuambiwa, na hakuna mtoto aliyelia. Chuo chetu cha uuguzi kinachukua watu baada ya wiki kumi. Sharti linalomkwamisha ni moja tu: mita moja na nusu, ili akifikie kitanda cha mgonjwa."

Mdogo mtu alitoa miguu majini, akaiweka sakafuni.

"Kaka, mwaka huu tuache."

Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuomba kitu kikubwa kuliko sabuni. Mkasi alikuwa na mkasi wazi mkononi. Akaufunga.

"Haya. Tuache."

Tusimwonee, alimaanisha alichosema.

Wiki ya kwanza mikono ya blauzi haikumfika tena viganjani. Wiki ya tatu alilala mshazari kwenye kitanda chake cha utotoni, na kamba ya nguo akaifikia bila kupanda kitu. Kila mchana, akishamaliza kazi, aliifukia miguu yake kwenye tuta la udongo nyuma ya nyumba, akakaa na kitabu cha mwili wa binadamu alichoazimwa na muuguzi. Majirani wakamletea nguo kubwa kubwa. Mama mmoja alimshauri asichelewe kununua viatu, maana miguu ndiyo hutangulia.

Wiki ya tano, asubuhi, mdogo wake aliingia sebuleni na chai mbili, Mkasi akasimama wima kwa heshima. Alidhani ni mama yao. Alikuwa na shingo ile ile, na namna ile ile ya kusukuma mlango kwa nyonga. Mkasi aliketi polepole. Akaona wazi kwamba kwa miaka yote ile alikuwa amekaa meza moja na mtu huyu, akimla urefu wake kidogo kidogo. Alitoka nje akahamisha vyungu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa.

Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na yeye angekuwa mtu mwingine.

Mdogo wake alianza kumfundisha kazi za nyumba. "Maji ni kabla jua halijawaka, kaka, si saa nne. Mashati yako yapo kwenye sanduku la chini. Huu mreteni haupendi kumwagiwa juu." Mkasi aliitikia kila kitu na kusahau kila kitu. Siku mbili alizoachiwa miti peke yake, mireteni miwili iligeuka rangi ya kutu. Akajiambia kwamba ni miti inayomtia wasiwasi. Uongo mtupu. Kilichomtisha ni kiti cha pili mezani, na jioni ambazo angezungumza na mkomamanga.

Wiki ya nane kipimo kilisoma mita moja na sentimita arobaini na sita. Mdogo mtu aliijaza fomu kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kuchapa, akabakiza nafasi ya urefu tu.

Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, alipitiwa na usingizi kwenye mkeka kando ya tuta, miguu imo udongoni. Mkomamanga ulikuwa umejaa majani yaliyofunguka siku nyingi. Hakuna mtu mtaani aliyejua vizuri kuliko Mkasi maana yake nini. Alikuwa akiwakaripia wateja wazima kwa kosa la kukata wakati kama huo. Alichukua mkasi, akaufuta kwa spiriti, kwa kuwa adabu ya kazi haikumtoka hata hapo. Akauchimbua mguu wa kulia taratibu na kukata. Hakukata theluthi. Alikata nusu.

Mdogo wake alifumbua macho.

"Majani yamefunguka, kaka."

"Najua."

Mguu mmoja ulikuwa umebaki, na mti uliokatwa upande mmoja huegemea. Akakata na wa pili. Mdogo wake alitazama juu kwenye bati la nyumba mpaka akamaliza.

Alinyauka kwa siku tatu. Midomo ilikauka, nywele zikabaki kwenye mto, vidole vikakunjamana. Mkasi alifanya kila kinachopasa kufanywa. Alimlaza chumba kisichopitisha upepo, akamfungia pazia, akamnyunyizia maji usoni asubuhi na jioni, akamnyima chakula kizito kwa mwezi. Aliunguza sufuria tatu akimpikia uji. Majirani walisema hawajaona kaka mwenye moyo kama huyo, naye aliwasikia, akaingia chooni akakaa humo mpaka walipoondoka. Mdogo mtu alirudi kwenye mita moja na robo, kisha akashuka kidogo chini ya hapo. Siku ya chuo ilikuwa Jumanne. Ilipita. Kwenye kalenda ya ukutani Mkasi alikwisha kuandika mwaka wa mkato ujao.

Mwisho wa mwezi muuguzi alikuja tena na mtini wake. Alipitia chumbani kwanza, akafunua shuka miguuni, akatazama ncha za mizizi. Zilikuwa zimekatwa sawasawa, mkato safi, kazi ya fundi. Akafunika. Alipotoka barazani hakupandisha sauti.

"Naomba ile fomu. Nafasi yake amepewa binti mwingine."

Mkasi aliileta. Muuguzi aliona ile nafasi moja iliyobaki tupu, akaikunja fomu mara mbili.

"Sasa nisaidie, Fundi. Huu mtini wangu nikate mizizi lini?"

Angeweza kumwambia auache hapo, yeye ataushughulikia. Ndivyo alivyowaambia wote. Lakini muuguzi alikwisha kufungua daftari, na kalamu ilikuwa inangoja.

"Machipukizi yakivimba," alisema. "Kabla majani hayajafunguka."

"Na yakishafunguka?"

"Uache. Usiuguse."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mti unakuwa umeshatoa nguvu zake zote. Unakuwa umeshaamua kukua. Ukiukata hapo, unaukata kwa makusudi."

Muuguzi aliandika polepole, kila neno. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba, bila hasira, sauti ya mtu anayekumbusha chumvi.

"Mwambie na habari ya kivuli, kaka. Akishakata auweke kivulini, asiusogeze, asiufungulie dirisha. Utanyauka kidogo, asiogope. Utazoea."

Muuguzi alikuwa amesikia yote, lakini hakuandika. Alimwangalia Mkasi, akangoja yeye ndiye aseme. Mkasi aliinamisha macho mezani akayarudia maneno ya mdogo wake moja baada ya jingine: kivuli, kutosogeza, dirisha, kunyauka kidogo. Lile la mwisho, utazoea, lilimshinda, akafungua mdomo mara mbili na halikutoka. Muuguzi aliandika mpaka hapo alipoishia.