Bega la Koti la Baba

Nyuzi nne za besi zilikuwa zinachemka ndani ya sufuria ya mama, na mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa sokoni mkononi, akiutazama mvuke.

"Unapika nini?"

"Nyuzi za gitaa, mama."

Akauweka mfuko chini taratibu, kama mtu anayejihesabia moja mpaka kumi. "Zikiiva utanipakulia?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vyeti vyangu vya sekondari vilikuwa vimelala fofofo kabatini, nami nilikuwa na hakika ya mambo mengi. Mojawapo ni kwamba nyuzi chakavu, ukizichemsha dakika kumi na tano, hurudi ujana wao. Jambo hilo ni kweli, kwa bahati mbaya.

Gitaa lilikuwa la mjomba, fundi friji, aliyelipiga kwenye bendi za harusi kwa miaka kumi na moja mpaka alipopata mapacha na kusahau usingizi ni nini. Alinikabidhi mwenyewe. "Lichukue, mjomba," aliniambia, "kila nikipita hapo ukutani linanikodolea macho." Nyuzi zilikuwa nyeusi kama masizi. Mbao ilikuwa na mikwaruzo ya kila namna. Nikalipeleka hivyohivyo, Jumamosi ya kwanza, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la viatu, ambako bendi moja ilikuwa imebaki bila besi tangu mpigaji wao ahamishwe kikazi.

Kiongozi wa bendi alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji wa suti siku za kazi na mpiga dramu siku za Jumamosi. Kila mtu alimwita Cherehani. Mguu wake wa kulia haukujua tofauti kati ya kazi hizo mbili; ulikanyaga kwa mwendo uleule, bila haraka na bila huruma. Mimi nilikuwa naogopa kukosea, kwa hiyo nilipiga sauti nne tu, zilezile, alasiri nzima. Tulipomaliza alinitazama huku akifuta vijiti vyake kwa kipande cha kitambaa.

"Rudi Jumamosi ijayo, mdogo wangu. Njoo na sauti hiyohiyo."

Mtu mwenye akili angerudi na sauti hiyohiyo. Mimi nilikuwa na elimu.

Wiki nzima nilifanya kazi ya kuiboresha. Nilizivua nyuzi na kuzichemsha, kama mnavyojua. Nikalisugua gitaa kwa mswaki. Chini ya nyuzi, karibu na kile chuma zinakofungwa, nilikuta kipande cha sponji jeusi kilichokauka, kimejaa vumbi, kimebanwa kama panya aliyefia darini. Nikakitoa kwa vidole viwili na kukitupa. Siku hiyo lori la taka lilipita mapema. Ni mara ya pekee katika maisha yangu niliyoliona likipita mapema.

Kisha nikaenda duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani na subira, akaniruhusu nijaribu kila kitu: spika ndogo, spika kubwa, vile viboksi vya kukanyagia kwa mguu vinavyobadilisha sauti. Nilichagua kimoja cha rangi ya chungwa. Nilipokikanyaga, besi ya mjomba ilitoa sauti inayometameta, pana, yenye mwangwi, kama shangazi aliyeingia kwenye sherehe na vito vyake vyote. Wateja wawili waligeuka. Mmoja alitikisa kichwa kwa mshangao. Nikaondoka pale nikiwa nimevimba kichwa hata mlango ukanibana.

Jumamosi ya pili. Wimbo wa kwanza haukufika katikati.

Cherehani aliinua vijiti. Bendi nzima ikanyamaza, isipokuwa mimi. Mwangwi wangu uliendelea kuzurura ukumbini ukitafuta pa kutokea.

"Yuko wapi yule wa wiki iliyopita?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

"Wewe nakuona. Namuuliza yule."

Mpiga kinanda alikohoa ili asicheke. Nilijaribu kuongeza sauti, nikamfunika mwimbaji. Nikapunguza, nikapotea kabisa, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Ile sauti iliyowageuza watu dukani ilikuwa tamu ikiwa peke yake. Ikikaa na wenzake ilitaka kiti cha kila mmoja wao.

"Jumamosi ijayo anakuja mwingine kujaribiwa," Cherehani alisema, bila ubaya, kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Ana besi ya nyuzi sita. Na wewe njoo. Nitawasikiliza wote wawili, halafu nichague mmoja, maana kiti ni kimoja."

Sijui kama nimewahi kukitaka kitu kama nilivyokitaka kiti kile. Kilikuwa cha plastiki, kimepasuka mguu mmoja.

*

Jumatatu nilikwenda karakana ya mjomba. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji kubwa la duka, miguu tu ikionekana, nami nikaungama dhambi zangu kwa hiyo miguu. Nilipofika kwenye kuchemsha, miguu ikacheka. Nilipofika kwenye sponji, ikaacha.

Mjomba akatoka, akakaa chini. "Ulikitupa?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Ni sponji la kuvisha mabomba ya friji. Nilikikata mwenyewe kwa wembe. Ndicho kilichokuwa kinazinyamazisha hizo nyuzi, mjomba. Uzi ukiguswa unasema neno moja, unafunga mdomo." Alinitazama kwa jicho la huruma na kejeli, nusu kwa nusu. "Miaka kumi na moja sijabadilisha nyuzi, natoka kazini na mikono ina grisi, napiga hivyohivyo. Umeifua sauti yangu kwa sabuni."

Lakini alikuwa mtu mwema. Alichukua kisu, akakata kipande kingine kutoka kwenye sponji lilelile jeusi, ukubwa uleule, akakibana mwenyewe mahali pake. Nikapiga. Ikatoka sauti ya mtu anayebisha kwenye boksi tupu.

"Lete nione," akasema. Akapiga yeye, kwa vidole vile vilivyofungua nati maisha yake yote, na karakana ikajaa sauti nene ya mviringo, iliyotulia. Akanirudishia. Nikapiga. Boksi tupu.

Mjomba akavitazama vidole vyangu, kisha vyake.

"Basi hii ni ya vidole vyangu," alisema hatimaye. "Vyako ni vyepesi. Ile uliyokwenda nayo mara ya kwanza uliiazima tu. Sasa katafute yako, na usinichemshie kitu kingine."

Nikatafuta. Jumanne nilibana sponji la kuoshea vyombo. Mama alilitambua kwa sauti kabla hajaliona. Jumatano nilikata kandambili yangu, nyuzi zikawa zinapiga chafya. Alhamisi nilijaribu soksi, kisha soksi mbili, kisha kipande cha godoro, na tundu lake likanilaza vibaya kwa mwaka mzima baadaye. Kikiwa chembamba, nyuzi nene zilinguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Kikiwa kinene, nyuzi nyembamba zilikufa. Kiboksi cha chungwa kilikuwa kwenye kona, nimekifunika na fulana ili kisinione.

Ijumaa alasiri baba alirudi kutoka shuleni, alikokuwa karani, akalitundika koti lake la kijivu kwenye mgongo wa kiti. Baba alilivaa koti lile kwenye jua na kwenye mvua. Nadhani angelivaa bafuni kama mama angemruhusu. Bitana yake ilikuwa imefumuka kwapani upande wa kushoto. Na pale penye mfumuo, kitu kilikuwa kinachungulia.

Sponji la bega. Nikaligusa. Upande mmoja nene kama mkate, likashuka, likashuka, mpaka upande wa pili likawa jembamba kama karatasi.

Nikalitazama gitaa. Nyuzi nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili.

Sijitetei. Nilisikia baba akioga na kuimba, nikavuta.

Lilikaa pale chini ya nyuzi kana kwamba lilikatwa kwa ajili yake: unene chini ya uzi mnene, wembamba chini ya uzi mwembamba. Nikapiga zile sauti nne. Nzito ilisema neno lake, ikafunga mdomo. Nyembamba ilibaki kidogo hewani, kidogo tu, kama mtu aliyeaga na bado ameshika mlango. Haikuwa sauti ya mjomba. Haikuwa ya dukani. Nilipiga tena, na tena, na nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa nasikiliza, sikuwa nakagua.

*

Mwenye nyuzi sita alifika Jumamosi na sanduku jeusi la ngozi na tabasamu zuri. Alipiga vizuri, sitasema uongo ili hadithi inoge. Vidole vyake vilipanda na kushuka kama watoto kwenye ngazi. Cherehani alisikiliza kwa heshima, akamshukuru, akanigeukia.

Nilipiga sauti nne. Mguu wake ulikanyaga, nami nikakanyaga naye. Katikati ya ubeti wa pili, mwimbaji alifanya jambo ambalo Jumamosi iliyopita hakulifanya: alisogea mbali na kipaza sauti, akaimba taratibu, kwa sababu alisikika.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa na baba akaingia.

Alikuwa ametoka kwenye kikao cha wazazi cha asubuhi. Bega la kulia limesimama wima. La kushoto limeporomoka kama ukuta wa udongo baada ya masika. Nilimwona akinitafuta kwa macho, akaniona, akafungua mdomo. Sikuacha kupiga. Ningeacha, kiti kingekwenda. Mdomo wa baba ulibaki wazi ubeti mzima, kisha ukajifunga wenyewe.

Wimbo ulipoisha, alisema, "Nimekaa saa tatu mbele ya wazazi mia mbili nikiwa nimeinama upande mmoja. Mwalimu mkuu ameniuliza kama nimepata kiharusi."

Lakini Cherehani alikuwa ameshainuka kwenye dramu zake. Alilizunguka koti la baba mara moja, akanisogelea, akainama, akachungulia chini ya nyuzi zangu.

"Koti hilo nimelishona mimi," alisema. "Mabega yote mawili yakiwa sawa."

Alinyooka, akanitazama usoni.

"Yule wa wiki ya kwanza hajarudi," alisema.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili, ile iliyobaki nzima.

"Ila huyu naye ni nani?"

"Ni mimi, dada."

"Basi mwambie mazoezi yanaanza saa tisa kamili, siyo saa tisa na robo." Kisha akamgeukia baba. "Mzee, lete koti dukani Jumatatu nikuwekee bega jingine. Dakika tano tu."

Baba alinitazama, akalitazama gitaa. Alilipapasa lile bega lililolala, polepole, kama anayemtuliza mtoto.

"Ngoja kwanza," alisema, "tuone kama litamfaa."

Imepita miaka saba. Kiti cha plastiki kilivunjika, tukanunua kingine. Gitaa nimebadilisha mara mbili, spika mara tatu, na nyuzi sizichemshi. Sponji limehama nami kutoka gitaa hadi gitaa, limeanza kuwa jeusi pembeni. Baba amestaafu, na koti la kijivu bado analivaa, bega la kushoto chini, la kulia juu. Juzi tulipiga kwenye harusi na yeye alikaa meza ya mbele. Jirani yake, mtu mwenye nia njema, aliinama na kumnong'oneza kwamba koti lake lina hitilafu, bega moja halipo.

"Lipo," baba akamjibu, bila kuondoa macho jukwaani. "Liko kazini."