Mapumziko ya Maige

Siku ya pili baada ya arobaini ya Thadeo, rafiki yake Abdulnasir alifika Butiama kutoka Bunda, kiboksi cha besiboli kikiwa kwapani. Euphrasia, dada wa marehemu, alipokiona alikipokea kwa mikono miwili.

Ulikuwa mchezo wa kadi na dadu, ulioachwa na mwalimu mgeni aliyewahi kuwafundisha Thadeo na Abdulnasir. Kila kadi ilikuwa mchezaji wa Marekani wa zamani, na watu wawili waliweza kuucheza upya msimu mzima wa mwaka 1924, mechi baada ya mechi. Majina yaliwashinda, hivyo wakawabatiza upya. Mrushaji hodari wa Thadeo, yule anayewarushia mpira wapigaji, wakamwita Maige. Miaka mitatu walicheza. Ikabaki mechi moja tu, timu zao zikiwa sawa, ndipo Thadeo akasinzia kwenye usukani wa lori njia ya Bunda.

"Icheze wewe, dada," alisema Abdulnasir akipanga kadi mezani. "Nikicheza peke yangu nitajipendelea. Kaka yako alikuwaga ananichapa mpaka chai inapoa."

"Na leo utachapwa."

Jua la alasiri lilikuwa limelainika juu ya mawe ya kilimani. Dadu zilipojaribiwa mezani zililia kama matone ya kwanza kwenye bati, na Euphrasia akahisi Thadeo yuko chumba cha pili, anatafuta shati. Alitamani timu yake ishinde, kama mtu anavyotamani maji.

Akaishika kadi ya Maige. Kisha akafungua daftari la mchezo lililokuwa ndani ya kiboksi. Mwandiko wa kaka yake ulisema: *Maige karusha jana. Siku nne apumzishe mkono, asiguswe, hata tukifungwa.*

"Mbona unasita?" Abdulnasir akacheka. "Huyo kalala siku arobaini na mbili, mpaka kanenepa!"

"Matanga ni yetu sisi. Kwenye kalenda ya mchezo ni jana tu."

"Nakuruhusu mimi, mpinzani mwenyewe."

Euphrasia aliitazama kadi. Alimwona tena Thadeo mlangoni, kama siku ile ya mwisho, ametoka Musoma na shehena ya tatu ya sangara bila kulala, akisema macho ni mazito. Naye Euphrasia, akiwa anapepeta mchele, akamwambia, "Malizia hiyo moja ya Bunda, halafu utalala." Hakuwahi kumwambia mtu.

"Na mimi nilimruhusu," alisema taratibu. "Thadeo. Alisema amechoka, nikamwambia aende."

Abdulnasir aliacha dadu.

Euphrasia akaiweka kadi ya Maige ndani ya daftari, akamweka mezani Yakobo, mrushaji wa akiba, ambaye Thadeo mwenyewe alimcheka kuwa anarusha kama anayewatupia kuku mahindi. Yakobo alijikaza hadi zamu ya saba kati ya tisa. Kisha mkono ukamwishia nguvu, wakafungwa tano kwa mbili.

Abdulnasir hakushangilia.

"Angekasirika?" Euphrasia akamuuliza.

"Angenitukana mimi kwanza, kwa kukushawishi."

Msimu ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na mechi nyingine ya kumngoja Maige. Hata hivyo, mgeni alipoondoka, Euphrasia alichukua kalamu, na chini ya mwandiko wa kaka yake akaandika: *Maige, kupumzika, siku ya kwanza.*

Asubuhi, kabla hajawasha jiko, akaandika ya pili.