Kigari Kinachovuta Kushoto

Ratili hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani: za maduka ya nafaka, za mabucha, za posta. Hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kufungua mizani mbovu na kuzifunga tena mpaka zikaacha kusema uongo, na jina hilo la Ratili alipewa na wenye maduka, likamganda.

Kwa hiyo mkewe alipomwambia kwamba amepata nafasi ya kurudi kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka hotelini, na kwamba ataanza Jumatatu ya wiki ya tatu ya mwezi ule, na kwamba mtoto amekuwa mzito mno kubebwa mgongoni kila asubuhi hadi kwa shangazi yake, Ratili hakwenda dukani kununua kigari cha mtoto. Alikwenda kukikagua.

Duka lilikuwa la mama mmoja mjane aliyeuza vitu vya watoto vilivyokwisha kutumika: vitanda, beseni za kuogea, viti vya kulia, na vigari vya kusukuma, vimepangwa kwa safu. Zamani mama huyu aliuza unga, na Ratili ndiye aliyekuwa akimtengenezea mizani.

"Sikia, fundi," alimwambia, baada ya kumtazama akipindua kigari cha nne na kunusa mafuta ya gurudumu. "Unanunua kigari au ndege?"

"Njia ya kwa dada yangu ina mteremko, mama. Na chini yake kuna mtaro."

"Mchagua nazi hupata koroma."

"Asiyechagua naye hupata nini?"

Mama muuzaji akacheka mpaka akajishika kiuno. Wakakubaliana: Ratili aache kitambulisho chake, achukue kigari kimoja kimoja, akijaribu nyumbani, arudishe.

Cha kwanza kilikuwa cha bluu. Kilikunjwa kwa mkono mmoja na kikasimama chenyewe kando ya mlango kama mgeni mwenye adabu. Ratili alichora mstari wa chaki kwenye korido ya ghorofa yao, hatua kumi na mbili, kuanzia mlango wao hadi ngazi. Alijaza mchanga kwenye mfuko mpaka ukafika kilo tisa na gramu mia mbili, uzito wa binti yake bila kuzidi wala kupungua, akaufunga kwa mikanda ya kiti. Akasukuma kidogo, akaachia mpini, akatembea kando yake mikono wazi. Kigari kilikwenda juu ya mstari mpaka mwisho.

Kisha akautoa mchanga, akamweka mtoto.

Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne. Walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza tangu alfajiri, ingawa maneno aliyokuwa akiyasema aliyajua mwenyewe. Alipiga kelele za furaha, kigari kikaondoka, na kabla ya hatua ya saba kilikuwa kimeuacha mstari na kuelekea ukutani, upande wa kushoto.

Ratili akarudia mara tano. Mara tano kushoto. Akaandika kwenye daftari: *Bluu. Kinavuta kushoto.*

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sabuni mikononi.

"Labda si kigari, Baba Chiriku."

"Ni nini basi?"

"Nilikwambia tangu akiwa na miezi tisa. Anainamia upande."

"Anainama kwa sababu kiti kinamlaza. Ngoja nipime vizuri."

Mtu mwingine angesema: mchanga umekwenda sawa, mtoto amekwenda upande, basi tazama mtoto. Lakini Ratili alikuwa na kanuni moja aliyoipata kwa miaka kumi na minane ya kuinama juu ya mizani za watu. Mwenye duka huja na malalamiko, huapa kwamba gunia ndilo lenye kasoro, na kila mara huwa ni uongo. Mzigo hauna kosa. Kosa liko kwenye chombo: sahani imepinda, meza imelala, springi imechoka. Mchanga kwake ulikuwa mzigo uliokufa, hauwezi kufichua ugonjwa wa beringi. Mtoto alikuwa mzigo hai, unaochezacheza, na mzigo hai ndio unaofichua ubovu. Kadiri Chiriku alivyokipeleka kigari kushoto, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kigari ni kibovu.

Cha pili kilikuwa chekundu, cha magurudumu matatu. Jirani wa chumba cha mkabala alipita na ndoo yake, akaruka mstari wa chaki.

"Ratili, leseni ya udereva mtoto ameshapata?"

"Bado, dada. Anasubiri gari zima."

Chekundu kilivuta kushoto.

Katika siku hizo za majaribio mkewe alianza kukunja taulo dogo na kulichomeka kwenye ubavu wa mtoto kila alipomketisha. Ratili aliliona taulo, akalitoa ili kipimo kisiharibike, na akaliweka vizuri juu ya kitanda. Jioni alimpa Chiriku kijiko, na Chiriku akakipokea kwa mkono wa kulia, kama alivyopokea kila kitu. Ngumi ya kushoto ilibaki imefungwa mapajani.

"Huyu ni wa kulia mtupu," alisema Ratili. "Kama babu yake."

"Babu yake alikuwa akifungua na wa kushoto pia," alisema mkewe, akaendelea kupanga sahani.

Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kizito, cha magurudumu manne manene kama trekta. Kiti chake kilikuwa kigumu na mgongo wake wima. Ratili alikitumainia sana. Alifungua magurudumu yote manne, akayaosha beringi kwa mafuta ya taa, akayarudisha, akapima urefu wa ekseli kwa futi, kulia na kushoto. Hakuna tofauti hata ya unywele. Akamweka mtoto. Kigari kikaenda, kikaenda, na kwenye hatua ya tisa kikaanza kugeuka, polepole, kama mtu anayeitwa na hataki kuitika.

Ratili aliketi sakafuni. Ilikuwa Ijumaa na Jumatatu ilikuwa inakuja. Mkewe alikuwa amekwisha kupiga pasi sare yake mpya. Kwa mara ya kwanza Ratili alihisi kitu kifuani ambacho hakikuwa na uhusiano na magurudumu, na alikifukuza kama mtu anavyomfukuza nzi, kwa mkono, bila kumtazama.

Asubuhi ya Jumamosi alimfunga Chiriku kwenye kigari cha kijivu akaenda naye dukani. Njia nzima mkono wake wa kulia ulikuwa ukiurekebisha mpini, na alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama muuzaji bila kumvunjia heshima.

"Mama, nisamehe," alianza. "Vigari vyako vyote vina kasoro moja."

"Vyote?"

"Vitatu kwa vitatu. Vinavuta kushoto."

Mama muuzaji hakukasirika. Mjukuu wake wa kiume, rika moja na Chiriku, alikuwa ameketi ndani ya beseni akitafuna kamba ya kiatu. Mama akamwinua, akampokonya kamba, akamwambia, "Njoo ufanye kazi, mzee." Akamtoa Chiriku, akamweka mjukuu kwenye kigari cha kijivu, akakaza mikanda na kusukuma.

Sakafu ya duka ilikuwa ya saruji, ndefu, imefagiliwa. Kigari kilikwenda moja kwa moja, kikapita vitanda, kikapita viti vya kulia, kikagonga mlango wa stoo katikati kabisa.

"Tena," alisema Ratili.

Kikagonga mlango katikati tena.

Sasa akawekwa Chiriku. Kigari kikageuka kushoto na kuingia kwenye rundo la beseni, na Chiriku akacheka kwa kelele za beseni zilizoanguka. Wakubwa hawakucheka.

"Labda sakafu," alisema Ratili.

Alichomoa pimamaji mfukoni, akapiga magoti, akailaza juu ya saruji. Kiputo cha hewa ndani yake kilitulia katikati ya mistari miwili. Akaigeuza upande wa pili. Katikati. Alikaa pale amepiga magoti muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Mama muuzaji alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto. Alimshika kwapani kwa mikono miwili, akamketisha wima, akamwachia. Kidogo kidogo, bila kulia wala kuhangaika, Chiriku akarudi kulala upande wa kushoto. Mama akatoa biskuti, akaipeleka upande wa ngumi iliyofungwa. Mkono wa kulia ukavuka kifua kizima kuifuata. Mama akaushika ule wa kulia taratibu, kama mtu anayeshika kifaranga, akaileta biskuti tena kushoto. Ngumi ile ilitikisika, ikapanda kidogo, haikufunguka. Chiriku akamtazama baba yake, kisha akaanza kulia.

Mama akamwachia mkono, akampa biskuti.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "kigari hakina neno."

"Najua, mama."

"Sisemi ni kitu gani. Mimi ni muuzaji tu. Nilichoona ndicho hicho. Mpeleke kwa wanaojua, na umpeleke mapema. Hiki cha kijivu kaa nacho kwanza, tutaongea baadaye. Wakikwambia hakimfai, rudisha."

Ratili akainama. Akaokota beseni moja moja, akazipanga kama zilivyokuwa.

Kurudi nyumbani alipita njia ya nyuma, isiyo na watu wengi. Safari hii hakukirekebisha kigari tu. Alimtazama mtoto. Aliuona utosi ulioelekea bega, aliona mguu mmoja ukirusha teke na mwingine umening'inia, na kila alichokiona alikumbuka kwamba alikwisha kukiona. Hilo ndilo lililomchoma. Kwa siku zote hizo alikuwa amekodoa macho kwenye magurudumu, na mtoto alikuwa juu yake.

Mkewe alikuwa ukingoni mwa kitanda, akishona kifungo cha sare. Alimtazama mumewe mara moja tu, akaiweka sindano.

"Umejua," alisema.

"Nimejua."

"Kwa kigari?"

"Kwa mtoto wa mwenzetu. Aliwekwa humo humo, kikaenda sawa."

Mkewe akanyoosha mikono, akampokea Chiriku, akamlaza begani. Mtoto akaanza kuongea na nywele za mama yake.

"Ulipima vigari vitatu, Baba Chiriku," alisema hatimaye. "Neno langu ulilipima mara ngapi?"

Ratili alikuwa na majibu. Kwamba hakumdharau. Kwamba alidhani ana haraka ya wasiwasi, kama mama yeyote. Kwamba mtu aliyezoea kuamini chombo hujisahau. Aliyatazama majibu hayo moja moja, akaona hakuna lenye uzito.

"Hata mara moja," alisema.

Alitegemea mkewe atamkaripia, na pengine angefarijika. Mkewe aligeuza uso ukutani.

"Na mimi vilevile. Ningeweza kumbeba nikaenda naye zahanati peke yangu, nani angenizuia? Lakini kila uliposema ni kiti, nilipata usingizi. Nilikuwa nataka uendelee kusema." Akafuta pua kwa kiganja. "Lile taulo. Nilikuwa namwegemeza ili nisione."

Ratili akaketi kando yake. Kitanda kikalia. Hakumgusa, maana hakuwa na hakika kama anaruhusiwa, lakini baada ya kitambo mtoto akamshika sikio kwa mkono wake wa kulia, akawaunganisha hivyo, wote watatu, kwa sikio.

"Jumatatu ndiyo unaanza kazi," alisema Ratili.

"Nitawaambia nina dharura. Wakinifukuza, wanifukuze."

Jumatatu walikuwa wa pili kwenye foleni ya hospitali. Walipelekwa chumba cha mwisho, chenye godoro jembamba sakafuni na mipira ya rangi, kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na viatu vya mpira. Hakuwa na haraka. Alimwangalia Chiriku akikaa, akamlaza, akamgeuza kifudifudi. Alifungua vidole vya kushoto kimoja kimoja, akahesabu kwa sauti kama mchezo, na Chiriku akamwonyesha meno yake manne.

"Siwezi kuwapa jina la kitu leo," aliwaambia. "Upande huu umechoka kuliko mwenzake, na inawezekana umekuwa hivyo tangu tumboni au tangu kuzaliwa. Daktari wa watoto atawaambia zaidi, na vipimo. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi tutaanza leo, na itakuwa ya kila siku. Kuna watoto wanaotembea vizuri kabisa. Kuna wanaochechemea. Sijui huyu ni yupi, na msimwamini anayewaambia kwamba anajua."

Akakivuta kigari cha kijivu, akabonyeza kiti kwa ngumi.

"Hiki kinafaa. Kiti kigumu, miguu ina pa kukanyagia. Vile laini vinavyomeza mtoto msivitake. Nitawaonyesha pa kuweka kitambaa, chini ya nyonga, siyo ubavuni."

Mkewe Ratili aliinamisha kichwa.

Mtaalamu akafungua faili jipya na kushika kalamu.

"Nani aliliona tatizo hili kwanza, na lini?"

Mkewe alimtazama Ratili, si kwa kumshitaki. Alikuwa tayari kusema "tuliona," kwa wingi, wagawane. Ratili aliijua nia hiyo, na angeweza kuipokea, na pengine hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Mama yake aliona akiwa na miezi tisa," alisema. "Akaniambia. Mimi nimeona juzi, Jumamosi."

Mtaalamu aliandika tarehe zote mbili, moja chini ya nyingine, bila kuinua uso.

"Haya, baba," alisema, "mvue soksi, uje huku upande wa kushoto. Wewe ndiye utakayemshika."