Matembezi ya Sikujua

Lori la Basili, mnunuzi wa mifugo, lilipoondoka na ng'ombe wa Mzee Eliufoo, mkewe Eunike alibaki ameshika kamba ya mmoja tu.

Kule chini ya Himo walikuwa na eneo la malisho ambalo mzee aliliita ranchi, na watu wakamwachia neno lake, ingawa ukisimama mlangoni pa zizi uliona mpaka wa upande wa pili bila kukaza macho. Zamani ng'ombe walikula majani hadi korongoni na hakuna aliyeuliza. Sasa huku mtu amejenga, kule mwingine amezungushia nyanya zake, na mvua nayo inakuja inapojisikia. Mwana wao Praygod, anayeongoza watalii mlimani, ndiye aliyelitamka lile ambalo wote walikuwa wakilizunguka: ng'ombe wauzwe, eneo wakodishiwe wakulima wa vitunguu, wazee wapande nyumbani kihambani, kwenye shamba lao la migomba juu ya Kiboriloni, wapumzike.

Mzee alikubali bila ubishi, na hilo ndilo lililomtia Eunike wasiwasi.

Yeye aliomba kitu kimoja, Sikujua abaki. Huyu alikuwa ng'ombe wa kienyeji, mwekundu, pembe moja imeinama karibu na jicho kama anayejikinga na jua. Alipewa jina hilo kwa sababu siku wanamnunua mnadani hakuna aliyejua kwamba ana mimba. Karibu kundi lote lilitoka tumboni mwake.

"Mama Praygod," mzee alimwambia taratibu, "huyu amekula akitembea tangu azaliwe. Ukimfunga bandani atakonda mpaka afe mbele ya macho yangu. Afadhali aende na wenzake."

Wakaafikiana hivi. Basili angepita Kiboriloni Jumamosi ya wiki inayofuata, jioni. Akimkuta Sikujua anakula bandani, atamwacha. Akimkuta hataki kula, atampakia.

Walipopanda Kiboriloni na Sikujua, Eunike akaanza kazi. Alifagia banda, akarudishia mbao zilizolegea sakafuni, akasugua hori kwa majani makavu mpaka likanukia mti. Alikata mgomba vipande vyembamba kama ndizi za kupikia mtori, akanyunyizia magadi, akaweka na majani ya mabingobingo yenye umande. Sikujua alinusa, akashusha pumzi ndefu, akageuza shingo kutazama mlango. Kesho yake ikawa vilevile.

Jirani yao Flavia alileta pumba za mahindi na ushauri. Ng'ombe hula pale alipofungwa, alisema, afupishiwe kamba tu, njaa itamfundisha. Watu wote wa vihambani wanaamini hivyo, maana ng'ombe wao huzaliwa bandani na kuzeekea humo, majani yakiwafuata vichwani mwa akina mama. Eunike naye alikulia humohumo. Akafupisha kamba. Mbavu za Sikujua zikaanza kuonekana.

Wala si Sikujua peke yake ambaye hakuwa akila vizuri. Mzee Eliufoo aliamka alfajiri kama zamani, akavaa buti, akachukua fimbo, akafika getini. Hapo alisimama kidogo, kisha akarudi kuketi kwenye kigoda karibu na mibuni, fimbo ikiwa magotini. Chai ilipoa mkononi mwake. Eunike alimwona, akambadilishia kikombe.

Katikati ya wiki Praygod alishuka kutoka mlimani, midomo imepasuka kwa baridi. Alimwamkia mama yake shikamoo, akachungulia bandani, akacheka.

"Mama, huyu anaumwa mlima. Wageni wangu ndivyo wanavyokuwa tukiwapandisha haraka. Chakula wanakiangalia tu."

"Sasa mnawafanyaje?"

"Hatuwalazimishi. Tunawatembeza kidogo jioni, pole pole, tunawarudisha kambini. Wakikaa wanakula."

Yeye alisema kwa mzaha, akaenda zake kulala. Eunike hakulichukulia kuwa mzaha. Alifungua kamba, akatoka na Sikujua kwenye njia ya kando ya mfereji, katikati ya mimea ya masale inayotenga kihamba na kihamba. Hatua chache tu, ng'ombe akainamisha kichwa, akang'oa fundo la majani, akatembea, akang'oa jingine. Eunike alisimama akisikiliza meno yake yakisaga.

Habari ikasambaa. Flavia alitokea kwenye uzio wake na sufuria mkononi. "Mama Praygod, na sisi tuandikie safari. Huyo mtalii wako ametoka nchi gani?"

"Himo," alijibu Eunike, akaendelea.

Kila jioni alimzungusha, na kila akirudi alimwaga majani toka getini hadi kwenye hori. Sikujua alikula ya getini, akala ya uani, lakini mlangoni pa banda aligoma, akawa analala uani. Ijumaa aliingiza kichwa, akakitoa.

Jumamosi jioni Eunike alijikalisha barazani, akafunga goti kwa kitenge. Alimwambia mumewe kwamba miteremko imemuumiza, leo hawezi. Muda si mrefu honi ya Basili ikalia barabarani.

Mzee Eliufoo alilitazama goti. Akamtazama Sikujua, aliyekuwa amemkazia macho tangu aliposhika fimbo asubuhi. Kisha akasimama.

"Mpe Basili chai. Asubiri."

Akatoka naye. Eunike alisikia mluzi wake wa malisho, ule wa kupanda na kushuka, ukienda na mfereji mpaka ukapotea. Basili alimaliza kikombe cha kwanza, akaulizia cha pili. Mluzi ulirudi kabla giza halijashika. Mzee alipita getini bila kusimama, akavuka ua, akaingia bandani yeye kwanza, huku mluzi ukiendelea. Sikujua akamfuata kama alivyomfuata miaka yote. Akainamia hori. Kisha barazani wakasikia mgomba unavunjika menoni.

Mzee alitoka akijifuta mikono kwenye suruali.

"Basili, nenda na Mungu. Huyu na mimi tuna kazi kila jioni."

Usiku ule alikula ndizi zote, akakwangua sahani. Eunike alisimama kumwongezea, akatembea mpaka jikoni na kurudi bila kuchechemea hata kidogo, na mzee, aliyeliona hilo vizuri sana, alisogeza sahani tu.