Rimoti ya Chumba cha Mama Mkwe

Saa kumi kasoro robo alasiri, fundi bomba alikuwa amesimama koridoni, pua karibu na pazia la chumba cha mama mkwe wake, kijasho chembamba kikimtoka. Saa kumi kamili mkewe angesoma taarifa ya hali ya hewa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Ya kwanza maishani, jamani. Asubuhi alipotoka alimshika mumewe kola, akamwambia, "Mama lazima anione. Mwishoni nitagusa sikio la kushoto, hiyo ndiyo salamu yake. Akikosa, mimi na wewe tutazungumza."

Naye mama mkwe, mguu kwenye plasta, alikuwa kitandani akitazama watu wawili wakicheza sataranji. Alikuwa akitazama sataranji tangu jana mchana. Stesheni ilikataa katakata kubadilika.

Mambo ya nyumba ile yalikuwa hivi. King'amuzi kilikuwa kimoja, sebuleni, kikilisha televisheni mbili. Ile ya chumbani ilikuwa na rimoti yake, na rimoti hiyo ilisema na kijicho cheusi kilichobandikwa juu ya televisheni, nacho kikapeleka amri kwa waya hadi sebuleni. Bila kijicho, rimoti ya chumbani haifui dafu. Ya sebuleni ilikufa zamani, na king'amuzi chenyewe kilikuwa na kitufe kimoja tu, cha kuzima na kuwasha. Na kuingia chumbani akikague mwenyewe? Thubutu. Katika miaka sita ya ndoa, mkwe huyu hata soksi yake haikuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile. Mtu aliyezibua mabomba ya hospitali nzima bila kukunja uso, mbele ya mama mkwe alikosa pa kuweka mikono.

"Mama, nipe rimoti nibadilishe betri."

"Ingia uchukue, mwanangu."

"Isukume tu, mama."

Rimoti ikateleza chini ya pazia, imevaa kifuko cha uzi wa manjano, kila kitufe na kitundu chake. Hakushangaa. Mtaani walimwita Mama Vitambaa, na si bure. Humo ndani chupa ya chai ilikuwa na sweta, pasi ilikuwa na koti, na mtungi wa gesi ulivaa sketi ya marinda. Akachomoa betri za saa ya ukutani, akazipachika, akairudisha.

"Bonyeza, mama."

"Nimebonyeza. Huyu wa kushoto bado anafikiria."

Akakimbilia sebuleni, akazima king'amuzi, akakiwasha. Kikaanza kujivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini, na yeye akazunguka meza mara kumi akikisihi. Picha iliporudi chumbani, alisikia sauti ya mama mkwe ikisema kwa upole, "Sataranji."

"Kijicho kipo, mama?"

"Kipo. Nimekitunza vizuri kabisa."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mkewe: *Dakika tano. Mama yuko tayari?* Akaandika *Kabisa*, akajionea haya, akampigia fundi wa dishi.

"Nimebadilisha betri, nimezima, nimewasha," alisema huku anahema. "Kijicho kipo."

"Umekiona kwa macho yako?" aliuliza fundi wa dishi.

"Nimeambiwa."

"Nani kakuambia?"

"Mama mkwe."

"Kaka, wewe unaziba bomba kwa kuambiwa?"

Akapiga moyo konde, akasema hodi kwa sauti iliyokatika katikati, akafunika macho kwa kiganja, akaingia akigonga kabati.

"Fungua macho, baba, nimevaa tangu asubuhi," alisema mama mkwe.

Akayafungua. Juu ya televisheni, palipokuwa na kijicho, palikaa kofia ndogo nyekundu ya uzi, yenye kishada kileleni.

"Mama. Hiki ni nini?"

"Kina kijitaa chekundu, kinanikodolea nikibadilisha nguo. Nikakivisha. Jirani mmoja alinipandia kiti."

Fundi bomba alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, na mama mkwe naye akaanza, plasta ikigonga ubao, huku ananyoosha mkono. "Kivue basi, mwanangu, tutachelewa."

Akakivua. Akabonyeza. Ndipo yule wa kushoto alipoinua mkono asogeze kete, wala hakuna aliyemjali. Picha ikaruka, na mkewe huyo, katikati ya skrini, akionyesha wingu.

Walikuta ameshafika kwenye mvua za kesho. Akasoma bila kujikwaa, akatabasamu, halafu, taratibu, kana kwamba kunamwasha, akagusa sikio la kushoto.

Mama mkwe akagusa la kwake. Machozi yakamtoka hadi kidevuni, asiyafute. "Ameniona," alisema, na mkwe wake hakuona sababu ya kumsahihisha. Alikuwa amekaa kitandani kwa mama mkwe, amemshika mkono, na hata hakujua ni saa ngapi alikaa.

Walibaki hivyo mpaka tangazo la sabuni lilipoisha.

"Haya, baba," alisema mama mkwe, akijipangusa. "Kirudishie kofia yake. Mkeo anakuja, nataka nibadilishe gauni."