Gauni la Kwanza na Kifungo cha Saba

Nianze na manukato ya kwanza, maana ndiyo yaliyoanza kunichefua. Yanaitwa Alfajiri. Kwenye boksi wameandika kwamba ni harufu ya jua likichomoza juu ya maua. Nilijipulizia mara mbili mkononi, nikasubiri dakika kumi kama kawaida yangu, nikanusa. Sabuni ya mche. Siyo sabuni mbaya, lakini ni sabuni ya kufulia, na sabuni ya kufulia ninayo nyumbani, tena nimeikata vipande viwili ili isiishe haraka.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mwenye manukato ni Bibie, na Bibie nimempenda tangu niko darasa la sita. Nyimbo zake zote naziimba bila kuruka neno. Nina ukurasa kwenye simu ambako nachambua manukato, watu wananiita Pua, na wengi wanaonifuata ni mashabiki wa Bibie kama mimi. Basi msemaji wake aliponitumia furushi lenye manukato matatu na kitabu cha maisha yake, nililikumbatia njia nzima hadi kazini. Ndani mlikuwa na kikaratasi. Nivichambue vyote kabla ya Ijumaa, na nikisema vizuri, siku ya uzinduzi nitakaa mstari wa mbele na kupiga picha na Bibie mwenyewe. Miaka kumi na tisa nimeisubiri picha hiyo.

Sasa, mimi kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya meno, na daktari wetu hataki kunusa kitu chochote isipokuwa dawa zake. Anasema mgonjwa aliyeachama nusu saa nzima akipigwa na harufu kali, kinachofuata ni kutapika, na atakayepiga deki ni mimi. Kwa hiyo uchambuzi naufanya saa ya chakula kwa dada yangu, milango mitatu kutoka kliniki. Dada ni mshonaji. Chumba chake kina cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi isiyopoa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Wateja wake wanajitazama upande mmoja, kisha wanageuka kujitazama upande wa pili, na wote wanatoka wameridhika.

"Unanukia kama mtu aliyetoka kufua," dada aliniambia siku ile ya Alfajiri.

"Ni manukato ya Bibie."

"Haya," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku hizi Bibie akitajwa, dada husema "haya" tu. Zamani hakuwa hivyo, na sababu nitaieleza, ingawa hainipi sifa.

Manukato ya pili yanaitwa Pumzi. Ndizi mbivu iliyosahauliwa ndani ya mkoba. Nilijaribu kuwa na adabu, nikajiambia labda ni tunda la ng'ambo nisilolijua, lakini niliporudi kliniki daktari alifungua droo zote tatu akitafuta ndizi. Baada ya saa moja harufu ikatoweka kabisa, hata kwenye kola haikubaki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumemsifu Bibie weee, mpaka maji yamefika kwenye chupa.

Halafu kitabu. Kinaitwa Mikono Yangu Tu, na kina kurasa mia tatu na kumi na mbili. Mama yake aliyemzaa amepewa nusu ukurasa. Mbwa wake amepewa kurasa nne na picha. Sura ya tano imechapwa mara mbili, na jamani, nilisoma kurasa sita za marudio nikidhani ni mtindo wa uandishi. Kila sura inamalizika kwa ushauri. Jiamini. Samehe. Kunywa maji. Bibie mpenzi, maji nakunywa, nataka kujua ulivyoishi. Kila nilipogeuza ukurasa nilijiona mjinga, na bado niligeuza, kwa kuwa nilikuwa natafuta mahali pamoja tu: onyesho lake la kwanza, lile la gauni la bluu. Na hapa ndipo dada anapoingia.

Kwa miaka kumi na saba dada alisimulia kwamba gauni lile alilishona yeye. Nyumbani kwetu hadithi hiyo hata watoto waliijua kwa moyo. Ilianza hivi kila mara: "Ilikuwa Jumanne, mvua imegoma kukatika." Dada alikuwa bado anajifunza kazi kwa fundi mmoja mkali. Akaingia msichana asiyejulikana na mtu, amelowa, na kitambaa cha bluu kisichotosha gauni, na onyesho ni Alhamisi. Fundi akamfukuza. Dada akamfuata nje, akakichukua kitambaa na kukishona kwa siri. Alibana huku, akaunga kule, gauni likapatikana. Ila alifanya kosa la mwanafunzi: alishona vitanzi saba ubavuni upande wa kulia kabla ya kukata vitambaa vya kuvisha vifungo. Alipokuja kukata, bluu ikatosha vifungo sita. Kitanzi huwezi kukiacha kinaning'inia bila kifungo. Basi akaja nyumbani, akakata kipande kwenye pindo la sketi yangu ya shule, ile ya rangi ya damu ya mzee, akavisha kifungo cha saba, cha chini kabisa.

Mimi sikuamini. Sketi yenye pindo lililoharibika niliikumbuka, na maneno niliyopata kwa mama niliyakumbuka zaidi, lakini nilijua ni ukuta wa shule ulioichana. Niliona dada ameitia sketi yangu kwenye hadithi ili nisimbishie. Picha pekee ya onyesho lile tuliyokuwa nayo mashabiki ilipigwa kutoka kushoto, haionyeshi kifungo hata kimoja. Na Bibie hajawahi kumtaja mshonaji yeyote. Dada alikuwa anapiga chuku, basi. Kila familia ina wake.

Miaka miwili iliyopita mashabiki tulikutana ukumbini, nami ndiye niliyeshika kipaza sauti. Dada alikuja kunisindikiza. Watu walipoanza kueleza walivyomfahamu Bibie, dada akasimama. "Ilikuwa Jumanne," akaanza. Nilijisikia kuingia chini ya meza. Alipofika kwenye vitanzi watu walikuwa wanachekea viganjani, na mmoja akaniuliza, eti Pua, ni kweli? Nikasema, kwa kipaza sauti, "Msimjali dada yangu, anapenda kuchangamsha watu. Bibie hajawahi hata kumwona kwa macho."

Walicheka kwa sauti sasa. Dada alikunja mtandio wake vizuri, akautia mkobani, akaenda kunisubiri nje. Tulirudi nyumbani pamoja na hakunisema. Nikajiambia nimemsitiri. Tangu siku hiyo hadithi ya Jumanne haijasikika tena, si harusini, si msibani, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Alhamisi ndipo nilipofungua manukato ya tatu. Nilikuwa mapokezi, mgonjwa mmoja amekaa ameshika shavu, na daktari yuko ndani na mwingine. Niliazimia kutazama chupa tu, nisipulize. Yanaitwa Gauni la Kwanza. Chupa yenyewe ni gauni dogo la kioo, la bluu, lenye kiuno na mikunjo, na ubavuni upande wa kulia pana vifungo. Nikahesabu. Vya bluu sita. Cha saba, chini kabisa, ni cha damu ya mzee.

Nikahesabu tena, maana mimi ni mbishi.

Juu ya kifungo hicho cha saba walikuwa wamechora mstari mweupe mwembamba, unakipita katikati. Nikakivuta kitabu, nikafungua kurasa za picha ambazo kwa hasira nilikuwa nimeziruka baada ya yule mbwa. Picha ya ukurasa mzima, ya rangi, imepigwa kutoka kulia. Bibie kijana, mwembamba, ameinua mkono, na vifungo vyote saba vinaonekana. Chini ya picha ameandika hivi: "Gauni hili nililinunua ng'ambo. Kifungo chekundu nilikibuni mwenyewe. Ni moyo wangu, na mstari mweupe ni jeraha la mapenzi."

Jeraha la mapenzi. Sketi za shule yetu zilikuwa na mstari mweupe mmoja kwenye pindo, na hakuna shule nyingine iliyokuwa nao. Tuliuchukia kwa sababu ulishika uchafu. Kila Jumapili niliusugua kwa mswaki wa zamani mpaka vidole viniume, na sasa niliambiwa ni jeraha la mapenzi, kwa herufi za dhahabu.

Nilimkasirikia Bibie, nikaukasirikia ule mswaki, halafu hasira ikaanza kugeuka na kunitazama mimi. Mgonjwa mwenye shavu akaniuliza kama zamu yake imefika. Nikamwambia bado, nikaacha kibao cha "narudi sasa hivi" mezani, nikatoka.

Dada alikuwa anapiga pasi mshono wa suruali. Sikumsalimu. Niliweka chupa juu ya meza ya kukatia na kitabu kando yake, kimefunguliwa. Akaweka pasi pembeni, akavaa miwani, akainama. Alipitisha kidole juu ya picha, kifungo kwa kifungo, kutoka juu hadi chini.

"Kitanzi cha nne kimelegea," akasema. "Nilijua kitalegea, uzi ulikuwa mbovu."

Kisha akasoma maneno ya chini ya picha, polepole, akisogeza midomo. Alipofika kwenye jeraha la mapenzi alicheka kidogo kwa puani.

"Dada, kumbe ni kweli," nikasema.

"Nini ni kweli?"

"Uliyosema. Gauni. Sketi. Vyote."

Akavua miwani. Hakuwa na hasira, na ningeona afadhali angekuwa nayo.

"Nimekwambia kwa mdomo wangu huu miaka kumi na saba," akasema. "Kumbe ulikuwa unasubiri chupa."

Nikafanya ninachojua kufanya, nikamlaumu mwingine. Nikasema Bibie ni mwizi wa fadhila, kitabu kizima kinaitwa Mikono Yangu Tu na mikono yenyewe siyo yake, nikasema nitamuanika leo leo asipate pa kujificha. Dada aliniacha nimalize. Akaishika pasi tena.

"Bibie ni mtu wa siku mbili kwangu," akasema. "Alikuja Jumanne, akachukua gauni lake Alhamisi. Mtu wa siku mbili akikusahau, utamfanya nini? Wewe nimekubeba mgongoni. Ulisimama mbele ya watu ukanikana, na nilikuwa nimesimama pale pale."

Pasi ikatoa mvuke. Nililia, nasema wazi, nikapangusa macho kwa kipande cha bitana kilichokuwa mezani, na dada akaniambia hicho ni cha mteja.

Nilisimamisha simu juu ya boksi la nyuzi, nikajirusha mubashara. Saa ya chakula mashabiki huwa wengi, na walianza kumiminika. Wakauliza kuhusu manukato. Nikawaambia Alfajiri ni sabuni na Pumzi ni ndizi. Gauni la Kwanza niliyapuliza mbele yao, nikangoja, nikanusa, na kwa kweli yananukia vizuri sana, kama nguo mpya iliyotoka kupigwa pasi, na hilo lilinikera kuliko yote.

"Lakini kabla sijaendelea," nikasema, "nina neno. Miaka miwili iliyopita, ukumbini, niliwaambia dada yangu hajawahi kumwona Bibie. Nilisema jambo nisilolijua. Nilimwonea aibu, basi. Gauni la bluu alilishona yeye, na hiki kifungo siyo moyo wa mtu, ni sketi yangu ya darasa la sita."

Nikawaonyesha picha, nikawaonyesha chupa, nikawaeleza habari ya ule mstari mweupe. Wengine walinitukana. Mmoja, tuliyesoma naye, akaandika: ule mstari naujua, mimi niliusugua kwa majivu. Juu ya maneno yake ukatokea ujumbe wa msemaji wa Bibie. Anasikitika kunifahamisha kwamba mstari wa mbele umejaa. Niliusoma mara moja, ukaniuma, sitadanganya. Nikaufuta.

"Dada, wanataka kukusikia," nikasema.

"Nina suruali ya watu hapa."

"Wanauliza ilikuwaje."

"Waambie wewe, si unajua kuongea."

Alirudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa kelele kama anayenikomoa. Mashabiki wakabaki wanatazama ukuta na kioo kilichopasuka. Mshono ulifika mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Izime hiyo feni," akasema, "hawatasikia."

Nikaizima. Akavuta kigoda chake mbele ya simu, akauchukua mtandio wake kwenye msumari, akajitanda vizuri. Simu ndogo ya kliniki, ile ninayopokelea wagonjwa, ilikuwa inalia mfukoni mwangu, bila shaka ni daktari, nami nikaiacha ilie.

"Ilikuwa Jumanne, mvua imegoma kukatika," dada akaanza, na kwa mara ya kwanza akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia, "na huyu mdogo wangu alikuwa na sketi moja tu ya shule."